Kinundu kinachofanana na kansa ya ngozi: jibu liko katika kipande kidogo cha nyama

Kuna kinundu cha ngozi ambacho wakaaji wa Goma wangekitambua kwa umbo lake hata kama hawajawahi kusikia jina lake. Kinaota usoni, kwenye mkono au nyuma ya kiganja. Kinapanda kama mlima mdogo wa mviringo, na kileleni kina shimo lililojaa kitu kigumu kama ukucha, mfano wa kreta ya Nyiragongo. Ndani ya wiki sita hadi nane kinaweza kufikia upana wa sentimita moja au mbili. Mtu akikiona kinakua kwa kasi hiyo, neno la kwanza linalomjia ni kansa.

Jina lake ni keratoakantoma. Katika hali nyingi hakimwui mtu, na mara nyingine hupungua chenyewe na kuacha kovu. Lakini kwa macho tu, hata macho ya daktari wa ngozi mwenye uzoefu, kinafanana sana na kansa ya kweli iitwayo kasinoma epidermoidi, ambayo ikiachwa hula nyama, hufika kwenye mifupa na kusambaa mwilini.

Keratoakantoma si peke yake. Yapo magonjwa mengine ya ngozi, mengi yake ya nadra, ambayo yanavaa sura ya kansa bila kuwa kansa. Na zipo kansa ambazo zinavaa sura ya kitu cha kawaida: kovu lililovimba, mwiba uliobaki mguuni, kidonda cha zamani. Kosa la upande wa kwanza linaweza kumfanya mtu akatwe mguu bila sababu, au atumie pesa zote za familia kwa dawa asizohitaji. Kosa la upande wa pili linamfanya apake pomadi mwaka mzima huku ugonjwa ukienda mbele. Katika mashariki ya Kongo, ambako madaktari wa ngozi ni wachache na labo za kuchunguza nyama ya mwili ni chache zaidi, makosa yote mawili ni rahisi kutokea.

Mlima mdogo wenye kreta

Keratoakantoma iliandikwa kwa mara ya kwanza na Jonathan Hutchinson, daktari wa upasuaji wa Uingereza, mwaka 1889. Yeye aliita kidonda cha uso chenye umbo la kreta. Mwaka 1934, daktari mwingine, John Ferguson Smith wa Scotland, alieleza habari ya kijana wa miaka 23 aliyeota vinundu vingi vya namna hiyo, ambavyo vilikuja na kupona vyenyewe, kimoja baada ya kingine. Ilichukua miaka mingi kujua sababu: mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba ugonjwa huo wa kurithi unatokana na kasoro katika jeni iitwayo TGFBR1. Watu wengi wenye keratoakantoma, hata hivyo, hawana urithi huo. Wanapata kinundu kimoja tu, na sababu inayotajwa zaidi ni jua la miaka mingi. Lami na mafuta ya mashine vinapogusa ngozi kwa muda mrefu navyo vimehusishwa.

Safari ya kinundu hiki ina hatua tatu. Kwanza kinakua haraka kwa wiki kadhaa. Kisha kinasimama, hakikui wala hakipungui. Mwishowe, kama hakijaguswa, kinaweza kuanza kunyauka: kile kitu kigumu cha katikati kinatoka, kuta zinashuka, na kovu lenye kidimbwi linabaki. Yote hayo yanaweza kuchukua miezi minne hadi sita, na wakati mwingine zaidi.

Kutokana na maelezo hayo, mtu anaweza kusema: basi tusubiri, kitapona. Madaktari wengi wanakataa ushauri huo, na sababu yao ni nzito. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba mlima huo mdogo ni keratoakantoma kabla ya kuuchunguza. Kasinoma epidermoidi nayo inaweza kukua haraka na kuwa na shimo katikati. Hata chini ya darubini, wataalamu wa labo hawakubaliani wote: wengine wanaichukua keratoakantoma kama uvimbe usio na hatari, wengine wanaiweka katika ukoo wa kasinoma epidermoidi, kama mtoto mpole wa familia kali. Kwa hiyo njia inayofuatwa zaidi ni kuitoa yote kwa upasuaji, pamoja na ukanda mdogo wa ngozi nzima unaoizunguka, na kuipeleka labo.

Pale ambapo kinundu kimekaa mahali pagumu kukata, kama mdomoni au kwenye pua, zipo njia nyingine: kuchoma sindano ya metotreksati au fluorourasili ndani ya kinundu chenyewe, au kutumia mionzi. Njia hizo zinahitaji daktari anayezijua na anayeweza kumwona mgonjwa tena na tena.

Madoa ya zambarau si Kaposi daima

Kama kuna kansa ya ngozi ambayo wauguzi wa Kivu na Ituri wanaijua kwa jina, ni sarkoma ya Kaposi. Jina hilo linatoka kwa Moritz Kaposi, daktari wa Vienna aliyeieleza mwaka 1872. Huku kwetu ilikuwepo hata kabla ya SIDA kujulikana. Madaktari wa nusu ya kwanza ya karne iliyopita waliikuta katika Kongo na Uganda, hasa kwa wanaume waliokuwa na madoa na vinundu kwenye miguu. SIDA ilipofika, ikaongezeka sana na kuwa kali. Mwaka 1994, Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi kinachoisababisha, kinachoitwa HHV-8.

Kwa sababu Kaposi inajulikana, mgonjwa mwenye virusi vya SIDA anayefika na vinundu vyekundu au vya zambarau huambiwa mara moja kwamba ana Kaposi. Mara nyingi ni kweli. Lakini utafiti uliofanywa Kenya na Uganda, ukachapishwa katika miaka ya 2010, ulichunguza vipande vya ngozi vya watu ambao waganga wao walikuwa wamewashuku kuwa na Kaposi. Zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano alikutwa na kitu kingine.

Kimoja cha vitu hivyo kinastahili kujulikana zaidi: angiomatosi ya basila. Nayo inaleta vinundu vyekundu au vya zambarau, vinavyotoka damu kwa urahisi, kwa watu ambao kinga yao imeshuka. Kwa macho ni pacha wa Kaposi. Lakini si kansa hata kidogo. Ni maambukizi ya bakteria za jamii ya Bartonella. Aina moja inatoka kwa paka na viroboto wao. Nyingine, Bartonella quintana, inabebwa na chawa wa nguo.

Jambo hilo la chawa linagusa eneo letu moja kwa moja. Chawa wa nguo wanastawi pale watu wanaposongamana bila maji ya kutosha na bila nguo za kubadilisha: magerezani na katika kambi za waliokimbia vita. Katika miaka ya 1990, nchini Burundi, wakati wa mlipuko mkubwa wa tifasi inayoletwa na chawa, watafiti walikuta pia Bartonella quintana. Hali zilizouzaa mlipuko ule si ngeni kwa wakaaji wa Kivu.

Tofauti ya matibabu ni kama usiku na mchana. Kaposi ya mtu mwenye virusi vya SIDA inatibiwa kwa dawa za kupunguza makali ya virusi, na ikiwa imesambaa huongezwa kemoterapia. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Uganda na Malawi, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba paklitakseli inafanya kazi vizuri kuliko mchanganyiko wa zamani wa bleomisini na vinkristini. Ni dawa zenye nguvu, zinazoangusha nywele na kushusha damu. Angiomatosi ya basila, kwa upande wake, inapona kwa eritromisini au doksisiklini, antibiotiki zinazopatikana katika farmasi nyingi za mjini, zikinywewa kwa kipimo cha daktari kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Mgonjwa aliyekuwa anajiandaa kwa kemoterapia anaweza kuona vinundu vyake vikianza kunyauka baada ya wiki chache za vidonge.

Kuna mfanani mwingine, tena wa kawaida zaidi: granuloma piojenika. Ni kinundu kidogo chekundu, laini, kinachoota baada ya jeraha dogo kwenye kidole, mdomo au ufizi, na kinachotoa damu nyingi kikiguswa kidogo tu. Watoto na wanawake wenye mimba hukipata mara nyingi. Jina lake linadanganya, maana hakina usaha. Kile cha mama mjamzito kinaweza kupungua baada ya kujifungua. Vingine vinakwanguliwa na kuchomwa kwa kifaa cha umeme chini ya ganzi. Lakini hata hapa, kipande kilichotolewa hakipaswi kutupwa, kwa sababu aina moja ya melanoma, ile isiyo na rangi nyeusi, inakuja na sura hiyohiyo.

Keloidi ambayo si keloidi

Kovu lililovimba, au keloidi, ni jambo la kawaida kwa watu weusi. Linaota penye sikio lililotobolewa, penye alama ya chanjo, penye kisu cha upasuaji, au kifuani palipokuwa na kipele. Linawasha, linavuka mipaka ya jeraha la mwanzo, lakini si kansa.

Uvimbe mmoja wa nadra unajificha nyuma ya sura hiyo. Vitabu vya Kifaransa vinauita uvimbe wa Darier na Ferrand, kwa majina ya madaktari wawili waliouandika mwaka 1924. Jina lake la kisasa ni dermatofibrosarkoma. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba unawapata watu weusi zaidi kuliko weupe. Unaanza kama sahani ndogo ngumu ndani ya ngozi, mara nyingi kifuani, tumboni, mgongoni au begani. Hauumi. Unakua polepole, mwaka baada ya mwaka, na baadaye unatoa vinundu juu ya ile sahani.

Hii ni kansa, lakini ya namna yake. Ni nadra isafiri kwenda kwenye mapafu au viungo vingine. Hilo hutokea kwa chini ya wagonjwa watano kati ya 100. Ubaya wake uko chini ya ngozi. Inatuma mizizi pembeni, mbali kuliko jicho linavyoona. Mtu akikatwa kile kinundu tu, kwa kudhani ni keloidi au kiste, mizizi inabaki na uvimbe unarudi. Anakatwa tena, unarudi tena mkubwa zaidi. Mgonjwa anaanza kuamini kwamba ametupiwa kitu na jirani au ndugu, na familia inavunjika kwa tuhuma.

Maelezo ni rahisi kuliko hayo: kisu hakikufika mbali. Daktari anayejua anachotibu anakata kwa upana wa sentimita mbili hadi tatu kuzunguka uvimbe, na kwa kina hadi kwenye utando unaofunika misuli, kisha labo inaangalia kama kingo za kipande ni safi. Pengine ngozi ya paja inahamishwa kufunika pengo. Kwa uvimbe usioweza kukatwa au uliosambaa, kuna imatinibu, kidonge kilichotengenezwa kwanza kwa ajili ya aina fulani ya kansa ya damu, ambacho tangu mwaka 2006 kimekubaliwa Marekani kwa ugonjwa huu pia. Kinafanya kazi kwa sababu uvimbe huu unazaliwa na kosa moja linalojulikana: vipande vya kromosomu ya 17 na ya 22 vimebadilishana mahali.

Dalili zinazopaswa kumfanya mtu asiridhike na neno keloidi si nyingi. Uvimbe uliota mahali ambapo hapakuwa na jeraha lolote. Una vinundu kadhaa juu ya msingi mmoja mgumu. Umeshakatwa mara moja na umerudi palepale. Moja ya hizo ikiwepo, kipande kiende labo.

Kidonda kwenye kovu la zamani

Mtu aliungua kwa mafuta ya taa akiwa mtoto. Kovu likakaa kwenye goti au nyayo miaka 20 au 30. Halafu siku moja linapasuka, linakuwa kidonda, kidonda kinakataa kufunga, kingo zake zinainuka na kuwa ngumu kama koliflawa. Anasafishwa kwa maji ya chumvi, anapewa antibiotiki, anafungwa bandeji, na miezi inapita.

Madaktari wanaita hali hii kidonda cha Marjolin, kwa jina la Jean-Nicolas Marjolin, daktari wa upasuaji wa Ufaransa aliyeandika juu ya vidonda vya makovu mwaka 1828. Mara nyingi ni kasinoma epidermoidi. Kwa watu weusi wasio na ualbino, kansa hii inatokea zaidi kwenye makovu na vidonda sugu vya namna hiyo kuliko mahali panapopigwa na jua.

Lakini si kila koliflawa ya mguu ni kansa. Kuna kuvu inayoishi katika udongo na miti inayooza, inayoingia kwa mwiba au kijiti kwenye mguu wa mkulima asiye na viatu. Inaleta ugonjwa uitwao kromoblastomikosi: uvimbe wenye vinundu kama sunzua kubwa, unaopanda mguu polepole kwa miaka. Kifua kikuu cha ngozi nacho kinaweza kuleta ngozi ngumu iliyojaa vinundu. Magonjwa hayo yana dawa, kuvu ikitibiwa kwa itrakonazoli kwa miezi mingi, na kifua kikuu kwa dawa zake za kawaida zinazotolewa bure na programu ya taifa. Kukata mguu kwa sababu ya kuvu ni hasara isiyorudishwa.

Hatari ni kwamba ngozi iliyosumbuliwa na kuvu au kifua kikuu inaongezeka unene kwa namna inayoweza kumdanganya hata mtaalamu wa darubini. Akipewa kipande chembamba cha juu tu, anaweza kuandika kansa. Ndiyo maana kina cha kipande ni muhimu kama kipande chenyewe.

Kipande kidogo, safari ndefu

Kipimo kinachomaliza ubishi kinaitwa biopsi. Kwa mgonjwa, si jambo la kutisha. Anapigwa sindano ya ganzi, daktari anachukua kipande chenye upana wa milimita nne kwa kifaa cha mviringo, au kipande kirefu zaidi kwa kisu, anashona uzi mmoja au miwili, na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wengi wanaogopa kwamba kisu kikigusa kansa kinaiamsha na kuisambaza. Kwa uvimbe wa ngozi, biopsi iliyofanywa vizuri haibadilishi mwendo wa ugonjwa. Kinachobadilisha ni miezi inayopotea bila jibu.

Kazi inaharibika zaidi baada ya hapo. Kipande kinatakiwa kuwekwa mara moja katika formoli ya asilimia 10, na maji hayo yawe mengi, karibu mara kumi ya ukubwa wa nyama. Kikiwekwa katika maji ya chumvi kinaanza kuoza. Chupa iandikwe jina la mgonjwa na mahali kilipotoka. Karatasi inayoambatana nayo ieleze umri, uvimbe umeanza lini, umekua kwa kasi gani, kama palikuwa na jeraha, na hali ya virusi vya SIDA. Kwa mtaalamu wa labo, habari hizo ni nusu ya jibu. Keratoakantoma, kwa mfano, inatambulika kwa umbo lake zima: akipelekewa ukingo mmoja tu bila katikati na bila chini, hawezi kuitofautisha na kansa. Picha iliyopigwa kwa simu kabla ya kukata, mgonjwa akiwa amekubali, inasaidia sana.

Labo inakipitisha kipande katika pombe, inakizamisha katika parafini hadi kinakuwa kitofali kidogo, inakikata vipande vyembamba kuliko unywele, na kuvipaka rangi. Pale rangi za kawaida zisipotosha, kuna rangi maalumu: ya fedha kwa ajili ya bakteria za Bartonella, na kemikali zinazoonyesha alama ya HHV-8 kwa Kaposi, au alama iitwayo CD34 kwa uvimbe wa Darier na Ferrand. Si kila labo ina hizo. Lakini kitofali cha parafini kinadumu miaka mingi na kinaweza kupelekwa kwingine. Mgonjwa ana sababu ya kuuliza kitofali chake kiko wapi, na kuomba kitunzwe.

Kwa wakaaji wa mashariki, swali la umbali linabaki. Wataalamu wa kusoma vipande hivyo ni wachache nchini, na wengi wako katika miji mikubwa yenye vyuo vikuu, Kinshasa na Lubumbashi mbele. Chupa inayotoka katika zoni ya afya ya ndani inapanda pikipiki, basi au boti kabla ya kufika kwa mtu mwenye darubini. Vita vimeongeza ugumu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025, na njia ya haraka ya kwenda Kinshasa ikakatika kwa wagonjwa na kwa mizigo ya namna hii. Wenye uwezo huvuka mpaka. Kampala ina Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 na ambayo tangu miaka yake ya kwanza ilishughulikia Kaposi. Rwanda ilifungua kituo cha kansa cha Butaro mwaka 2012, na mwaka 2019 ikaanza matibabu ya mionzi Kigali. Lakini pasi, jeto la mpaka, chakula na malazi ya msindikizaji ni mzigo ambao familia nyingi haziwezi.

Katika hali hiyo, kipande ndicho kinachopaswa kusafiri kwanza, si mgonjwa. Chupa ya formoli iliyofungwa vizuri haihitaji friji. Mtu anayeuza shamba ili asafiri kabla ya kuwa na jibu anaweza kufika huko na kuambiwa kwamba alihitaji vidonge vya wiki kumi na mbili.

Wasiopaswa kusubiri

Kwa watu wenye ualbino hesabu ni tofauti. Ngozi yao haina rangi ya kuwakinga, na mionzi ya jua inazidi ukali kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1000 za mwinuko. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500 juu ya bahari. Kasinoma epidermoidi ya uso, masikio na shingo inawapata wakiwa bado vijana. Wao pia wanaweza kupata keratoakantoma, lakini kwao kila kinundu kipya au kidonda kinachokaa wiki nne kichukuliwe kama kansa hadi labo iseme vingine. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni sehemu ya matibabu, sawa na kisu. Mwalimu anayemweka mwanafunzi wake mwenye ualbino upande wa kivuli darasani na uwanjani naye anakinga ngozi hiyo.

Kwa wengine, nyayo na kucha ndizo za kuangaliwa. Melanoma, kansa kali kuliko zote za ngozi, kwa watu weusi hupenda kukaa chini ya mguu, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo jua si sababu. Bob Marley alikutwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, kidole kilichokuwa kimedhaniwa kuwa na jeraha la mpira. Alifariki tarehe 11 mwezi wa tano 1981, akiwa na miaka 36. Mistari myeusi katika kucha nyingi ni ya kawaida kwa watu weusi. Mstari mmoja katika ukucha mmoja, unaopanuka na kumwaga weusi kwenye ngozi ya pembeni, si wa kawaida. Vivyo hivyo doa jeusi la nyayo linalokua, au mwiba usioonekana ambao kidonda chake hakiponi.

Kuna mambo ambayo kituo cha afya kidogo kabisa kinaweza kufanya bila darubini. Kupima kinundu kwa rula na kuandika tarehe, ili ziara ijayo ionyeshe kama kimekua. Kumpima mgonjwa mwenye madoa ya zambarau virusi vya SIDA, kwa hiari yake. Kugusa tezi za shingo, kwapa na kinena. Kukataa kuchoma kinundu kwa dawa kali au chuma cha moto, kwa maana moto unaharibu ushahidi na unaacha kovu linalofunika kilichobaki. Na kutotupa nyama yoyote iliyokatwa, hata ile inayoonekana kuwa ya kawaida.

Naye mgonjwa ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kukubali kukatwa kiungo au kuanza kemoterapia kwa ajili ya uvimbe wa ngozi. Je, kipande kimechukuliwa? Kimesomwa na labo gani? Karatasi ya jibu iko wapi? Kama jibu la swali la kwanza ni hapana, na hakuna damu inayomwagika wala hatari ya dakika hiyo, ana haki ya kuomba biopsi ifanywe kwanza. Karatasi hiyo ikitoka, aitunze pamoja na kadi yake ya hospitali, kwa sababu daktari wa pili, wa mji mwingine au wa nchi nyingine, ataanza kwa kuiulizia.